MAMBO YA NYUMBANI: Ruta Kuukuu Yaweza Kuokoa Kompyuta ya Waya

Juma lililopita ukurasa huu ulizungumza juu ya kuhifadhi unga na mahindi wakati wa mvua. Juma hili nataka tufungue lile sanduku la vitu vilivyokwisha kazi, ambalo kila nyumba inalo. Ndani yake mna chaja zisizo na simu, rimoti isiyo na runinga, na aghalabu ruta moja au mbili za zamani zilizosalia pale nyumba ilipohamia kwa kampuni nyingine ya mtandao. Wahenga walisema akiba haiozi. Nitaeleza jinsi ruta ya namna hiyo, ikiwa ingali hai, inavyoweza kuunganisha kompyuta au printa ya waya na mtandao wa waifai uliomo nyumbani, bila kutandaza waya uani.

Hapa Gurei, magharibi mwa Juba, yupo mama mmoja jirani yangu ambaye mumewe ni koplo wa polisi aliyepangiwa kazi Nimule, mpakani mwa Uganda. Katika chumba cha nyuma cha kiwanja chao mama huyu ana kompyuta ya mezani na printa, vyote vilivyonunuliwa Kampala vikiwa vimekwisha tumika. Kwa vyombo hivyo huwapigia watu chapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani na kadi za arusi. Ruta ya waifai iko nyumba ya mbele anakokaa mama mkwe, umbali wa hatua kama thelathini. Simu zote za kiwanja huupata mtandao huo hata chini ya rakuba, lakini kompyuta ile haina kipokezi cha mawimbi. Inacho kitundu cha waya tu.

Kwa hiyo mteja akimtumia kazi kwa barua pepe, mama hulazimika kuichukua kwenye flashi kutoka dukani mjini, kwa nauli ya boda boda kwenda na kurudi. Kwa muda alijaribu kuiunganisha simu yake na kompyuta kwa waya wa chaji, na njia hiyo ni halali kabisa. Lakini akitoka na simu kwenda sokoni, kazi husimama, na printa haikufaidika na lolote. Nauli ikala faida, na wateja wakaanza kupungua.

Sote twakumbuka kwamba mwaka 2024 askari na watumishi wengi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Katika nyumba ya namna hiyo chombo kinachoingiza hata fedha kidogo ndicho kinachoweka sufuria mekoni, na chombo kisichoingiza kitu huonekana mzigo. Koplo akapiga simu kutoka Nimule akasema kompyuta iuzwe. Mnunuzi akapatikana. Siku ya Alhamisi jioni mama yule alibisha hodi kwangu.

"Mwalimu," akasema, maana majirani hawajaacha kuniita hivyo ingawa chaki niliiacha zamani nikaingia kwenye mafaili, "mnunuzi anakuja Jumamosi. Mashine hii nikiiuza sitainunua tena. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mama," nikamjibu. "Ile ruta mliyokuwa nayo kabla ya hii iko wapi?"

Akacheka kidogo. "Watoto wanaichezea."

KWA NINI SI WAYA

Msomaji atauliza kwa nini tusivute waya kutoka ruta ya mbele hadi chumba cha nyuma. Waya wa mtandao waweza kupeleka habari vizuri hadi mita 100, na hatua thelathini si kitu. Ndani ya jengo moja waya ndio njia bora kuliko zote; mwenye nafasi ya kuupitisha ukutani au darini na aupitishe. Shida huanza pale waya unapovuka ua. Jua hupasua ganda la waya wa kawaida, ambao umetengenezwa kwa matumizi ya ndani. Mbuzi huutafuna, na mkokoteni wa maji hupita juu yake kila asubuhi.

Tena iko hatari ya radi. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu, huzusha umeme katika waya wowote mrefu uliotandazwa nje, na umeme huo hukimbilia vyombo vilivyoko kwenye ncha zote mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kuvuta waya kati ya nyumba yangu na jiko la nje nililoligeuza kuwa chumba cha kusomea. Radi moja ya saa kumi jioni, iliyopiga mti wa jirani, iliua ruta na kompyuta kwa pigo moja. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile waya wa mtandao hauvuki ua wangu. Mawimbi ya redio yanavuka ua bila kubeba radi, na ndiyo tutakayoyatumia.

RUTA HUFANYA KAZI GANI

Askari wa mawasiliano wataelewa jambo hili upesi. Ruta ya nyumbani ni kama kituo kikuu cha redio ya upepo. Chenyewe hutangaza jina lake, huwasikiliza wanaoita, na huwapa ruhusa wale wenye neno la siri. Simu zetu ni vituo vidogo: husikia jina hilo, huita, hutoa neno la siri, kisha huingia kwenye mazungumzo. Watu wengi hudhani ruta imeumbwa kuwa kituo kikuu tu. Kumbe redio iliyomo ndani yake yaweza kusema na yaweza kusikiliza. Ukiiamuru iache kutangaza na badala yake ijiunge na kituo kingine, ruta kuukuu hugeuka kituo kidogo kama simu. Tofauti yake na simu ni kwamba mgongoni ina vitundu vinne vya waya. Habari inayoingia kwa redio hutokea kwenye vitundu hivyo, na kompyuta ya waya huipokea kana kwamba imefungwa kwenye ruta ya mbele.

Si ajabu waya na redio kuelewana hivyo, kwa kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa Norman Abramson, kilianza kuunganisha kompyuta za visiwani kwa mawimbi ya redio. Mtandao huo uliitwa ALOHAnet. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, aliyekuwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, na ambaye alikuwa ameisoma kazi ya Abramson, aliichukua fikira hiyo akaitia ndani ya waya. Pamoja na David Boggs wakaunda mtandao wa waya uitwao Ethernet, ambao ndio uliomo katika kitundu kilicho nyuma ya kompyuta ya mama jirani. Mwaka 1997 shirika la wahandisi la IEEE likatoa kanuni ya kwanza ya mtandao wa namna ya waifai, yenye namba 802.11. Katika hali zote mbili kila chombo hujulikana kwa namba yake kiliyopewa kiwandani, na namba hizo zina muundo mmoja. Kwa hiyo ruta haina kazi kubwa ya kutafsiri kati ya mawimbi na waya.

KUIKAGUA KABLA YA KUANZA

Kwanza, tafuta adapta yake ya umeme. Usichukue adapta yoyote kwa kuwa tundu linaingia. Soma maandishi chini ya ruta: ikiwa yasema volti 12 na ampea 1, adapta iwe ya volti 12 zile zile, na ampea 1 au zaidi. Adapta ya volti 12 kwenye ruta ya volti 9 yaweza kuiua papo hapo. Angalia pia alama inayoonyesha chanya na hasi, maana viwanda havifanani.

Wenye umeme wa jua watafurahi kusikia kwamba ruta ya nyumbani aghalabu hutumia wati 5 hadi 10 tu. Lakini msiifunge moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Betri inapochajiwa, umeme wake hupanda hata kupita volti 14. Tumieni kifaa kidogo cha kusawazisha volti katikati.

Pili, isafishe kumbukumbu zake. Nyuma au chini ya ruta pana kitundu chembamba au kitufe chenye neno Reset. Ruta ikiwa imewashwa, kibonyeze kwa ncha ya kalamu au pini kwa muda wa sekunde kumi hivi, mpaka taa zimetemete. Ruta itarudi katika hali ya kiwandani, na maneno yote ya siri ya zamani yatafutika.

Tatu, uulize kama inajua kusikiliza. Unganisha kompyuta na ruta hiyo kwa waya, ukitumia kimoja cha vile vitundu vinne vyenye neno LAN. Kile cha peke yake chenye neno WAN kiache. Fungua programu ya kutazamia kurasa za intaneti, uandike anwani iliyo chini ya ruta. Aghalabu ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Huhitaji intaneti kwa hatua hii, kwa kuwa unazungumza na ruta yenyewe. Jina na neno la siri la kuingilia nalo limeandikwa pale pale chini. Mara tu uingiapo, badili neno hilo la siri, kwa sababu lile la kiwandani linajulikana na ulimwengu mzima.

Ndani ya ukurasa huo tafuta sehemu ya mtandao usio na waya au sehemu ya hali ya kazi. Ukikuta mojawapo ya maneno Client, Bridge, WISP au Repeater, ruta yako inajua kusikiliza. Usipokuta hata moja, au ukikuta kwamba kampuni iliyoitoa imefunga ukurasa wa mipango, basi ruta hiyo haifai kwa kazi hii ilivyo. Kwa aina fulani za ruta zipo programu nyingine za bure, kama vile OpenWrt iliyoanza mwaka 2004 na DD-WRT iliyoanza mwaka 2005, zinazoipa ruta uwezo ambao kiwanda hakikuutoa. Lakini programu hizo huchaguliwa kwa aina kamili ya ruta, hadi namba ya toleo. Ukikosea faili, ruta yaweza kufa isiamke. Mwachie kazi hiyo kijana anayeijua.

MIPANGO YAKE

Maneno yale manne hayana maana moja, na hapa ndipo wengi hupotea.

Repeater ni kusikiliza na kutangaza tena. Hufaa kama chumba cha nyuma hakipati mawimbi kwa simu. Lakini ikiwa ruta ina redio moja tu, redio hiyo hiyo itasikia kisha irudie kusema, na kasi hupungua karibu nusu. Kama unachotaka ni kompyuta ya waya tu, huna haja nayo.

WISP ni hali ambayo ruta kuukuu hujiunga na waifai ya nyumbani kama mteja mmoja, kisha huanzisha mtaa wake mdogo nyuma yake na kuvigawia vyombo vyake anwani zake. Ndiyo njia rahisi kuliko zote na hukubaliwa na ruta kuu za aina zote. Upungufu wake ni kwamba vyombo vya mtaa wa nyuma huufikia mtandao wa nje, lakini simu zilizoko nyumba ya mbele haziioni printa ya nyuma kwa wepesi. Katika baadhi ya ruta hali hii ndiyo iitwayo Client.

Bridge, yaani daraja, huviweka vyombo vyote katika mtaa mmoja. Simu ya mama mkwe yaweza kuchapisha kwenye printa ya chumba cha nyuma. Hiyo ndiyo tuliyoitaka sisi. Ila daraja laweza kugoma pale ruta mbili zinapokuwa za viwanda tofauti. Sababu yake ni hii: bahasha ya kawaida ya waifai ina nafasi ya anwani tatu, na ruta iliyobeba vyombo kadhaa mgongoni huhitaji ya nne, ambayo viwanda havikuafikiana namna ya kuiandika. Daraja likigoma, usipoteze usiku kucha. Rudi kwenye WISP.

Ukishachagua hali, bonyeza pa kutafuta mitandao, chagua jina la waifai ya nyumbani, uandike neno lake la siri kama lilivyo, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo.

Hatua ya mwisho ni anwani, na ndipo mimi nilipokosea usiku ule. Ndani ya mtandao kila chombo kina anwani yake, na ruta kuu ndiyo mtunza bohari anayezigawa. Ruta ya mbele ilikuwa na anwani 192.168.1.1. Ile kuukuu, baada ya kusafishwa, nayo ilikuwa na 192.168.1.1, na yenyewe pia ilikuwa tayari kugawa anwani. Nikaisahau habari hiyo, nikawasha daraja. Wanajeshi wanajua yatokeayo pale kambi moja inapokuwa na watunza bohari wawili wanaotoa namba zile zile za bunduki. Kwa dakika chache mtandao wa kiwanja kizima ukavurugika. Mama mkwe alikuwa akizungumza kwa picha na mwanawe wa Nimule, na uso wa koplo ukaganda kwenye simu akiwa amefumbua mdomo.

"Mwalimu!" akaita bibi kutoka nyumba ya mbele. "Umemfanya nini mwanangu?"

Nikamwomba radhi, nikaichomoa ruta, nikaanza upya kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ni huu. Katika hali ya daraja, ruta kuukuu ipewe anwani ya mtaa ule ule isiyotumiwa na chombo kingine. Sisi tuliipa 192.168.1.250. Kisha uzime ugawaji wake wa anwani, ambao kwenye ukurasa huandikwa DHCP. Mtunza bohari awe mmoja tu, naye ni ruta ya mbele. Katika hali ya WISP mambo hugeuka: ugawaji uachwe ukiwaka, lakini ruta kuukuu ipewe mtaa tofauti, mathalan 192.168.2.1. Andika anwani hiyo mpya kwenye kipande cha karatasi ukibandike chini ya ruta. Usipoiandika, siku utakayotaka kuingia tena utalazimika kuisafisha na kuanza mwanzo.

MAHALI PA KUIWEKA

Baada ya mipango kukubali, kasi ilikuwa ndogo mno. Tulikuwa tumeiweka ruta sakafuni nyuma ya meza, na kati yake na nyumba ya mbele palikuwa na ukuta wa mabati wa stoo. Mabati ni adui mkubwa wa mawimbi, kwa kuwa chuma huyarudisha yalikotoka. Tangi lililojaa maji nalo huyameza. Ukuta wa matofali huyapunguza bila kuyazuia kabisa. Tukaiinua ruta hadi kwenye kingo ya dirisha linalotazama nyumba ya mbele, juu kuliko stoo, na kasi ikapanda hata kurasa zikafunguka bila kungojewa.

Mwenye ruta ya masafa mawili akumbuke kwamba gigahezi 2.4 hupenya kuta na kwenda mbali kuliko gigahezi 5, ambayo ina kasi zaidi lakini huchoka upesi. Kwa kuvuka ua, 2.4 ndiyo ifaayo kwanza.

ULINZI NA NIDHAMU

Naomba wasomaji ambao ni askari wasome sehemu hii mara mbili.

Ruta za kale sana hujua ulinzi uitwao WEP tu. Ulinzi huo ulikwisha vunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001, na mwenye kompyuta ndogo na saa chache za nafasi huufungua. Ruta isiyojua WPA2, uliotoka mwaka 2004, isitumiwe. Kamwe usishushe ulinzi wa nyumba nzima ili kuiridhisha ruta moja mbovu. Ni sawa na kuacha lango la kambi wazi kwa sababu mlinzi mmoja amepoteza ufunguo wake.

Ruta kuukuu pia haipati tena masahihisho kutoka kiwandani. Isiwe yenyewe ndiyo mlinzi wa mbele anayetazamana na ulimwengu. Ikae nyuma ya ruta mpya.

Tena, ruta ya ofisi haiendi nyumbani, na ya nyumbani haiendi ofisini. Ruta iliyotoka kituoni yaweza kuwa na maneno ya siri ya kituo ndani yake; ruta ya mtu binafsi iliyofungwa kwenye mtandao wa kituo ni mlango wa nyuma ambao mkuu wa kituo hajui kuwa upo. Utundu unaosifiwa nyumbani waweza kuwa kosa la nidhamu kazini. Na anayempa mtu au kumwuzia ruta yake kuukuu aisafishe kwanza kwa kile kitufe cha Reset.

PIMA KABLA YA KUHANGAIKA

Si kila nyumba inahitaji kazi hii. Aliye na kompyuta moja tu na hana ruta ya akiba, anunue kipokezi kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ni rahisi kuliko kununua ruta. Ruta kuukuu hushinda pale unapokuwa nayo tayari, au pale vyombo vinapokuwa zaidi ya kimoja, au visivyokubali kipokezi cha USB: printa ya waya, king'amuzi cha runinga, kinasa picha cha kamera za ulinzi, simu ya mezani ya mtandao. Ruta moja huvihudumia vyote hivyo vinne kwa mara moja, na kwa kazi ya barua na nyaraka kitundu cha zamani cha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde chatosha na kubaki.

Tangu mkongo wa mawasiliano ulipofika Juba mwaka 2020 ukitokea mpaka wa Uganda, nyumba nyingi za mji huu zimebadili mtandao, na kila badiliko huacha ruta moja sandukuni. Nawaomba akina mama na akina baba waitazame mara moja kabla ya kuwapa watoto.

Jirani yangu alimaliza kazi usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi mnunuzi alipofika, aliikuta printa ikitoa kurasa za mtihani ambao mwalimu wa shule moja alikuwa ameutuma kwa barua pepe alfajiri ile. Mnunuzi akangoja zimalizike, kisha akauliza bei. Mama akamwambia kwa adabu kwamba mashine haiuzwi tena, lakini kama ana barua ya kupigwa chapa, akae chini ya rakuba, zamu yake itafika. Yule bwana akafikiri kidogo, akatoa karatasi mfukoni, akaketi.

Koplo alipopiga simu jioni, mkewe hakumweleza habari za anwani wala za daraja. Alimwambia tu fedha za juma hilo zilikuwa kiasi gani, na kwamba unga umekwisha nunuliwa. Bibi akaipokea simu baada yake, naye akamwuliza mwanawe kama mdomo wake umefunga.

Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, tutazungumza juu ya kusafisha pipa la maji ya kunywa. Kwaherini.